Maji safi ya Musanda: Nani afanye hesabu?

MKAZI wa Musanda, katika eneo bunge la Mumias Magharibi, kaunti ya Kakamega, amekuwa akipewa majina mbalimbali na watu wanaofika kwake kwa ajili ya maji anayokunywa. Shirika la misaada humwita mnufaika. Mtafiti wa chuo kikuu humwita mhojiwa. Yule anayejiita mfanyabiashara wa kijamii humwita mteja. Kisha mwaka 2011 akaongezewa cheo cha nne ambacho hadi leo hakijapata jina linalofaa katika Kiswahili: mtu ambaye kuni asizozichoma ni bidhaa inayouzwa ng'ambo.

Makala haya yanahusu cheo hicho cha nne, na swali linaloandamana nacho. Ikiwa maji safi ya mwanakijiji yamegeuzwa kuwa bidhaa, ni nani anayestahili kuipima bidhaa hiyo na kutangaza kiasi chake?

Magharibi mwa Kenya si mahali pageni kwa watafiti. Kwa zaidi ya miaka 25 sasa, vijiji vya Busia, Bungoma, Kakamega na Vihiga vimehojiwa, vimepimwa maji, vimepimwa watoto urefu na uzito, na vimepigiwa kura ili kuamua kipi kipewe huduma kwanza na kipi kisubiri kwa ajili ya kulinganishwa. Michael Kremer, Mmarekani aliyetunukiwa tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019 pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, alikuwa mwalimu katika shule ya sekondari ya Eshisiru huko Kakamega katikati ya miaka ya 1980, kabla hajawa mwanauchumi. Alirudi miaka ya 1990, na utafiti aliofanya na mwenzake Edward Miguel kuhusu dawa za minyoo katika shule 75 za Busia ulikuja kunukuliwa katika vyuo vya dunia nzima. Kwa hiyo mkazi wa eneo hili akimwona kijana mwenye fomu na kalamu akikata kona kuingia bomani, hashtuki. Anajua ataulizwa mtoto amehara lini.

Kabla ya kwenda mbali, inafaa tukubaliane kuhusu maneno. Sisi tunaohariri habari tumehangaika kwa miaka mingi na misamiati ya wafadhili, na mara nyingi tumeipitisha bila kuihoji kwa sababu saa za kwenda mitamboni hazimsubiri mtu. "Biashara ya kijamii" ni mojawapo. Aliyeieneza dhana hiyo ni Profesa Muhammad Yunus wa Bangladesh, mwasisi wa Benki ya Grameen, aliyepata tuzo ya Nobel ya amani mwaka 2006 pamoja na benki yake. Kwa maelezo yake, ni biashara inayoanzishwa kutatua tatizo la watu. Mwekezaji anaweza kurudishiwa alichoweka lakini hapati gawio, na faida yoyote hubaki ndani ya biashara yenyewe. Chuo Kikuu cha Glasgow Caledonian, nchini Scotland, kilianzisha mwaka 2010 kituo chenye jina la Yunus cha kutafiti uhusiano wa biashara ya namna hiyo na afya. Hoja ya watafiti wake ni kwamba biashara inayompa mtu maskini kipato, heshima na watu wa kushirikiana nao inapaswa kuhesabiwa kuwa hatua ya afya ya umma, hata kama haiuzi kidonge hata kimoja.

Hoja hiyo haiwezi kumshangaza mtu wa Mumias. Kiwanda cha sukari kilichoanza kusaga miwa mwaka 1973 hakikuwa biashara ya kijamii kwa kipimo cha Yunus, lakini malipo ya miwa ndiyo yaliyokuwa karo, bima na nauli ya kwenda hospitali kwa maelfu ya familia. Kiwanda kilipodorora hadi kuwekwa chini ya mrasimu mwaka 2019, familia hizo zilipoteza zaidi ya zao la biashara. Asiye na shilingi ya akiba hanunui dawa ya kutibu maji.

Na hapo ndipo nadharia ya Yunus inapogongana na utafiti uliofanywa papa hapa.

Wafuasi wa biashara ya kijamii wameamini tangu zamani kwamba kitu cha bure hakithaminiwi. Mtu akilipa hata kidogo, wanasema, atakitumia. Akipewa bure atakitupa au atafanya chandarua cha mbu kuwa wavu wa samaki. Ni imani yenye ladha ya busara, na imewaridhisha wengi, wakiwemo maofisa wa wizara zetu. Lakini Jessica Cohen na Pascaline Dupas waliijaribu imani hiyo katika vituo 20 vya kliniki za wajawazito magharibi mwa Kenya, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2010. Katika baadhi ya vituo vyandarua vilitolewa bure, na katika vingine viliuzwa kwa bei ndogo ndogo tofauti. Bei ilipofika shilingi 40 hivi, idadi ya wanawake waliochukua vyandarua ilipungua kwa asilimia 60 ikilinganishwa na pale vilipotolewa bure. Isitoshe, waliolipa hawakuonekana kuvitumia zaidi ya waliopewa. Serikali ya Kenya yenyewe ilikuwa imekwisha kugawa bure vyandarua vipatavyo milioni 3.4 kwa ajili ya watoto katika kampeni ya mwaka 2006.

Maji yalisema vivyo hivyo. Dawa ya klorini ya chupa, iliyouzwa madukani kwa jina la WaterGuard tangu mapema miaka ya 2000, iligharimu takriban shilingi 20 kwa chupa ya kutosha familia mwezi mzima. Matangazo yake yalisikika redioni kila siku. Karibu kila mtu aliijua, na wengi walikubali kwamba maji machafu huleta kuhara. Hata hivyo, watafiti walipopima maji ndani ya mitungi ya nyumbani, familia zilizokuwa zikiitumia hazikufika moja kati ya kumi. Kizuizi hakikuwa ujinga. Shilingi 20 ni kibaba cha unga au mafuta ya taa ya jioni mbili, na mtoto ambaye hajaugua hamlazimishi mama kufungua kitambaa cha pesa. Dawa ya kutibu, mtu huuza kuku akainunua. Dawa ya kuzuia hungoja kesho.

Jaribio la kabla ya hapo lilikuwa la chemchemi, na ndilo lililofika karibu zaidi na mkazi wa Musanda, kwa kuwa lilifanywa katika wilaya za wakati huo za Busia na Butere-Mumias. Chemchemi zipatazo 200 ziliingizwa katika mpango wa kujengewa kwa saruji ili maji yatoke kwenye bomba fupi badala ya kutekwa kwenye dimbwi. Kwa kuwa hazingeweza kujengwa zote kwa mpigo, utaratibu wa zipi zitangulie uliamuliwa kwa kura, na hivyo zilizosubiri zikawa kipimo cha zilizotangulia. Taarifa ya Kremer na wenzake, iliyochapishwa mwaka 2011, ilionyesha kuwa uchafu wa kinyesi ulipungua kwa asilimia 66 pale maji yanapotokea. Lakini yalipofika nyumbani nafuu hiyo ilikuwa imeshuka hadi asilimia 24. Hata hivyo kuhara kwa watoto kulipungua kwa takriban robo.

Tofauti hiyo ya 66 na 24 inafaa kutazamwa vizuri, kwa sababu imo ndani yake hadithi nzima ya maji ya vijijini. Maji yanatoka safi kwenye chemchemi, yanaingia kwenye mtungi uliooshwa kwa majani, yanapanda mlima kichwani, yanamiminwa kwenye chungu, na mkono wa mtoto unachovya kikombe. Hakuna mhandisi anayeweza kujengea mkono wa mtoto kwa saruji.

Ndiyo sababu watafiti hao hao walibuni kitu rahisi: tangi dogo la klorini lililofungwa kwenye nguzo kando ya chemchemi au kisima, lenye valvu inayotoa kipimo kimoja kinachotosha mtungi wa lita 20. Anayeteka maji hazungusha valvu, anajaza mtungi, na dawa inachanganyika njiani akirudi nyumbani, kisha inaendelea kulinda maji hayo hata yakichovywa. Ni bure, iko mahali pa kazi yenyewe, na majirani wanaonana. Katika majaribio ya mwanzo takriban familia sita kati ya kumi zilionekana kuitumia. Shirika la Evidence Action liliupokea mpango huo mwaka 2013 na kuueneza hadi Uganda na Malawi. Hapo biashara haikuwepo, kwa maana ya duka na mteja, wafadhili walilipa. Kama kulikuwa na ubunifu wa kijamii katika mkoa wetu uliotokana na utafiti wa chuo kikuu, basi ni huo, na ulitokana na kukiri kwamba bei, hata ndogo kiasi gani, ilikuwa imeshindwa.

Sasa tuje kwenye vichujio, maana ndipo kilipo kiini cha mambo.

Septemba 2008, katika tarafa ya Lurambi, Kakamega, kulifanyika kampeni ya siku saba ambapo zaidi ya watu 47,000 walijitokeza kupimwa virusi vya Ukimwi. Kila aliyefika alipewa mfuko wenye chandarua, kondomu na kichujio cha maji kinachoitwa LifeStraw, kinachotengenezwa na kampuni ya Vestergaard Frandsen yenye makao yake Uswisi. Ilikuwa ni kazi kubwa kwa muda mfupi, na wataalamu wa afya waliisifu. Bila shaka mafanikio hayo yaliipa kampuni moyo. Miaka mitatu baadaye, Aprili na Mei 2011, ilirudi na mpango mkubwa zaidi: ikagawa bure vichujio zaidi ya 870,000 katika uliokuwa Mkoa wa Magharibi, Musanda ikiwa ndani yake, kwa familia zenye watu zaidi ya milioni nne. Kampuni ilisema imetumia takriban dola milioni 30 za Marekani.

Nani angelipa? Jibu lilikuwa jipya kabisa wakati ule. Familia inayochemsha maji huchoma kuni, na kuni hutoa hewa ya kaboni. Familia yenye kichujio haihitaji kuchemsha, kwa hiyo kuni hubaki msituni na hewa hubaki safi. Kila tani ya kaboni isiyotolewa hupewa hati, na hati huuzwa kwa makampuni ya Ulaya na kwingineko yanayotaka kufidia moshi wao. Ilitarajiwa kwamba mpango huu ungeokoa zaidi ya tani milioni 2 kwa mwaka. Maji safi kwa mwanakijiji, mapato kwa kampuni, msitu kwa taifa: kwa mtazamo wa juu juu hakuna aliyepoteza.

Lakini msomaji makini atakuwa amekwisha kuona ufa. Je, familia ambayo haikuwahi kuchemsha maji kwa sababu kuni ni ghali imeokoa kuni gani? Kanuni za soko la kaboni zilikuwa na jawabu: familia hiyo ihesabiwe kana kwamba ingalichemsha, laiti umaskini usingaliizuia. Mantiki yake si ya kipuuzi. Bila kanuni hiyo, fedha za kaboni zingewaendea waliokwisha kuchafua tu, na maskini kabisa wangeachwa nje. Ila maana yake ni kwamba sehemu ya kilichouzwa ilikuwa moshi ambao haukupata kuwako.

Ufa wa pili ulikuwa mpana zaidi. Hati za kaboni zilitegemea vichujio kutumika, si kugawiwa tu. Kichujio kile hutundikwa ukutani, maji hushuka kwa uzito wake, na chombo husafishwa mara kwa mara ili tundu zake zisizibe. Kwa maelezo ya watengenezaji kinaweza kusafisha lita 18,000. Mpango ulikusudiwa kuendelea kwa takriban miaka 10, pamoja na vituo vya kurekebisha vilivyoharibika. Kila kipindi, hesabu ilifanywa ya familia zinazokitumia, na hesabu hiyo ndiyo iliyozaa hati. Waliofanya hesabu walikuwa ni mpango wenyewe na wakaguzi ambao, kwa kawaida ya soko hilo, hulipwa na mwenye mradi.

Mambo yangalibaki hivyo kama si sadfa. Kuanzia mwaka 2012 watafiti wa vyuo vikuu vya Marekani pamoja na wenzao wa Kenya walikuwa wakiendesha utafiti mwingine mkubwa, tutakaouzungumzia hivi punde, katika Bungoma, Kakamega na Vihiga. Walikuwa wakiingia nyumbani kwa maelfu ya wajawazito na akina mama wenye watoto wachanga, na huko waliona vichujio ukutani. Wakaanza kuuliza na kutazama. Amy Pickering na wenzake walichapisha matokeo Machi 2017: miaka miwili hadi mitatu baada ya kugawiwa, takriban mtu mmoja tu kati ya watano alisema bado anatumia kichujio. Makadirio yaliyotumiwa na mradi yalikuwa juu ya hapo mara kadhaa. Watafiti hawakuishia kwenye takwimu. Kichwa chenyewe cha makala yao kilidai uangalizi wa watu wasio na maslahi.

Si haki kumalizia hapo bila kuusikiliza upande wa pili. Kichujio kilikuwa chombo kizuri. Kilitolewa bure, na tumekwisha kuona kwamba bure ndiyo bei inayofika kwa maskini. Serikali ilikuwa haijaleta bomba, na katika vijiji vingi haijalileta hata leo, licha ya Katiba ya mwaka 2010 kutamka katika kifungu cha 43 kwamba kila mtu ana haki ya maji safi na salama ya kutosha. Kampuni iliweka fedha zake mbele na kubeba hatari ya kuzipoteza. Mmoja kati ya watano wa watu milioni nne bado ni watu wengi, na mama aliyekuwa miongoni mwao hana sababu ya kulalamika. Tena, watu waliohojiwa walikuwa ni familia zenye wajawazito na watoto wadogo, si kila kaya ya mkoa.

Hata hivyo hoja haihusu wema au ubaya wa kampuni moja. Inahusu mpangilio ambamo anayeuza ndiye anayepima. Katika soko la Musanda mama hanunui mahindi kwa mwuzaji aliyeficha gorogoro chini ya meza. Husimama akaangalia likijazwa. Kwenye soko la kaboni, mnunuzi aliyekaa London hakuiona gorogoro, na mwenye mali, yaani mwanakijiji aliyeacha kuchoma kuni, hakuhusishwa na bei wala hesabu. Biashara ya kijamii ya Yunus ilikuwa na sharti la kutogawana faida. Haikuwa na sharti la kutogawana hesabu na yule anayehudumiwa, na mimi naona hilo la pili ndilo lenye uzito zaidi.

Na watafiti, je, wao ni malaika? Hapana, na utafiti niliouahidi unaonyesha hivyo. Katika kaunti hizo tatu wanawake wajawazito 8,246 kutoka makundi 702 ya vijiji waligawanywa kwa kura: wengine klorini, wengine vyoo bora, wengine vifaa vya kunawa mikono, wengine lishe ya nyongeza kwa mtoto, wengine vyote kwa pamoja, na wengine hawakupewa chochote. Utafiti pacha ulifanywa Bangladesh. Ripoti zilitoka mwaka 2018. Bangladesh, kuhara kwa watoto kulipungua kwa zaidi ya theluthi moja. Kenya hakukupungua hata kidogo kwa kipimo kinachoonekana. Lishe peke yake ndiyo iliyowaongezea watoto kimo, nayo kwa kiasi kidogo.

Kwa nini? Sababu moja inayotajwa ni kwamba Bangladesh wahamasishaji walizuru familia karibu mara sita kwa mwezi, ilhali Kenya ilikuwa takriban mara moja, na matumizi ya klorini yalififia mwaka wa pili. Nyingine ni kwamba mazingira ya boma, pamoja na kuku na mifugo inayolala karibu na watoto, yana vijidudu vingi kuliko klorini na choo cha shimo vinavyoweza kuzuia. Wataalamu bado wanabishana. Kwa upande mwingine, Kremer na wenzake walipokusanya pamoja majaribio mengi ya maji kutoka nchi mbalimbali, walikadiria kwamba kusafisha maji hupunguza vifo vya watoto walio chini ya miaka mitano kwa takriban robo. Mtu anaweza kusoma taarifa hizo mbili na kudhani zinapingana, lakini moja inapima kuhara katika kaunti tatu kwa miaka miwili, na nyingine inapima vifo katika nchi nyingi.

Tofauti ya watafiti hawa na mpango wa vichujio haikuwa ubora wa vifaa vyao. Klorini yao ilishindwa huku Kenya, na walisema imeshindwa, kwa maandishi, katika jarida ambalo wapinzani wao hulisoma. Hawakupata hasara kwa kusema hivyo. Mwenye mradi wa kaboni akisema vichujio vyake havitumiki, anafuta mapato yake mwenyewe kwa kalamu yake. Si lazima awe mwongo ili apotoke. Inatosha tu aulize swali kwa namna inayomrahisishia jibu.

Lakini jarida hilo ambalo wapinzani hulisoma halifiki Musanda. Hapa ndipo vyuo vikuu navyo vinapodaiwa. Mama aliyehojiwa mara tatu, akachukuliwa maji ya mtungi wake na kupimiwa mwanawe urefu, ana haki gani ya kuambiwa kilichopatikana? Sheria ya sayansi, teknolojia na ubunifu ya mwaka 2013 inamtaka mtafiti apate leseni ya tume ya kitaifa, NACOSTI, na ripoti hurudi kwenye tume. Kutoka kwenye tume hadi kwenye chemchemi ni mwendo mrefu. Nchi hii ilishuhudia mwaka 2020 ghadhabu iliyozuka mitandaoni baada ya kuchapishwa utafiti uliohusu kukatiwa maji wapangaji wa Kayole Soweto, Nairobi, ambao wenye nyumba wao hawakuwa wamelipa. Waandishi wa utafiti walijitetea kwamba kukata maji ni utaratibu wa kawaida wa kampuni ya maji. Huenda. Lakini wengi wa waliokasirika ndiyo kwanza walikuwa wanasikia kwamba maisha ya mitaa yetu hufanyiwa majaribio ya kura.

Kuna chuo kikuu kilicho karibu. Masinde Muliro, kilichopata hadhi ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2007, kiko mjini Kakamega, mwendo wa chini ya saa mbili kwa matatu kutoka Musanda. Wanafunzi wake wengi wamezaliwa katika vijiji hivi na wanakijua Kiluhya cha huko kuliko mtu aliyetoka California na kitabu cha maneno. Kwa kiasi kikubwa kazi ya kupima imekuwa ikifanywa na vyuo vya mbali, kwa sababu fedha ziko mbali. Kaunti ya Kakamega imewahi kuonyesha kwamba inaweza kubuni: tangu mwaka 2013, katika mpango wa Imarisha Afya ya Mama na Mtoto, ilikuwa ikiwalipa akina mama maskini jumla ya shilingi 12,000 kwa awamu sita ili wahudhurie kliniki na kujifungulia hospitalini. Kaunti iliyoweza kutenga fedha za namna hiyo haishindwi kutenga kiasi kidogo ili chuo chake kihesabu vichujio vya mwekezaji yeyote, kisha kisome hesabu hiyo kwenye baraza la chifu. Wahudumu wa afya ya jamii, waliozinduliwa upya nchini kote Septemba 2023 wakiwa takriban 100,000, wanaingia nyumba zile zile kila mwezi. Macho yapo.

Jambo hili si la historia. Biashara ya kaboni imerudi kwa nguvu, safari hii ikiwa na majiko, visima na vichujio vipya, na Bunge limekwisha kuitungia sheria. Marekebisho ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2023, pamoja na kanuni za soko la kaboni za mwaka 2024, yanataka jamii ipate mgawo wa kila mwaka: angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia, baada ya kutoa gharama za uendeshaji, kwa miradi ya ardhi, na angalau asilimia 25 kwa miradi isiyo ya ardhi. Kichujio kilichotundikwa jikoni ni cha kundi hilo la pili.

Asilimia 25 si haba. Ila mkataba wa maendeleo na jamii, ambao ndio chombo cha kuuitisha mgawo huo, umeandikwa hasa kwa kuzingatia miradi iliyo katika ardhi ya umma na ya jamii, mahali ambapo kuna mkutano, kamati na mwenyekiti. Mashamba ya Musanda ni ya watu binafsi, ekari moja hapa na mbili pale, yamepandwa miwa na mahindi. Jamii itakayotia sahihi mkataba wa vichujio ni ipi? Ni wadi, ni kata, au ni wale wanaochota kwenye chemchemi moja? Na gharama za uendeshaji zitakazokatwa kabla ya mgawo zitakaguliwa na nani?

Maswali hayo yanaweza kujibiwa katika kanuni, kwa kalamu ya waziri na mjadala wa bunge la kaunti. Hadi yatakapojibiwa, mwekezaji afikapo na lori la vifaa, mzee wa mtaa ana haki ya kumwuliza mambo mawili kabla ya kupanga watu foleni: baada ya miaka miwili nani atarudi kuhesabu, na nani atakuwa amemlipa.